Kombe la Nadhira

Charo hakuinuka mlango wa mahabusu ulipofunguliwa. Alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani na miguu kainyoosha, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyekwisha kujizika mwenyewe akabaki kungoja wenziwe wamwagie udongo.

"Shikamoo, mzee Charo," alisema Inspekta Mbwana Boga.

"Marahaba. Waniamkia ya nini, mwanangu? Si kesho mwanipeleka kortini mkaninyonge?"

"Kortini, naam. Kunyonga si kazi yangu."

"Basi ya nani? Nyote mwavaa viatu vya aina moja."

Mbwana alikunja miguu akakaa sakafuni naye, suruali ya kupigwa pasi na yote. Mzee alikuwa amesema kweli. Kesho asubuhi Charo wa Mjambere, mganga wa miti shamba, angesomewa shitaka la kumwua Nadhira binti Hamdun, mtoto wa miaka minane, kwa kumnywesha sumu. Mwaka ule wa 1991 mwenye kuua alikuwa na hukumu moja tu, na Charo alikuwa akiijua.

Mkuu wa kituo alikuwa ameshaifunga kesi kichwani mwake. Mtoto alikuwa na saratani ya damu, na alikuwa akidungwa sindano hospitali. Shangazi yake akamchukua kwa siri akampeleka kwa Charo. Haukupita muda mtoto akafa. Baba yake, Hamdun, mwuza manukato wa Kongowea anayejulikana na wakubwa, akasema mganga ameniulia mwanangu. Askari wakabeba vibuyu na mafurushi yote ya mzee, na walipokwisha kuondoka vijana wa mtaani wakaitia nyumba yake moto. Ilikuwa hadithi safi, ina mwanzo na ina mwisho, na Mbwana tangu aanze kazi ya upelelezi hakupata kuziamini hadithi safi.

Asubuhi ile majibu ya Mkemia wa Serikali yalikuwa yamefika. Tumboni mwa mtoto mlikutwa sumu ya mmea. Ndani ya vibuyu vya Charo haikukutwa hata chembe. Mkuu wa kituo alicheka. "Aliimaliza yote kwa mtoto, Boga. Ulitaka abakishe ya kukuonjesha wewe?"

Ndiyo maana Mbwana alikuwa amekaa sakafuni.

"Nieleze tena, mzee. Siku aliyoletwa kwako, alikuwa vipi?"

"Alikuja kabebwa. Miguu yaburuza, haimchukui. Nikamwambia fungua kinywa, mjukuu wangu, akalia. Taya lamuuma. Tumbo nalo limefunga, choo hapati. Nikamwambia shangazi yake, huyu mimi simuwezi, mrudishe kwa daktari."

"Na hukumpa kitu?"

"Nilimpa mzizi wa kutafuna, wa kumtia hamu ya chakula. Huo hata wewe ukitafuna sasa hivi hufi."

"Haya hukuyasema mwanzo?"

"Niliyasema. Aliyekuwa akiandika alikuwa akinipiga huku aandika. Labda aliyasahau."

Mbwana aliuliza, "Mtoto mwenyewe alisema lolote?"

"Nilipompa ule mzizi aliurudisha nyuma mkono. Akaniuliza, 'Ni mchungu, babu?' Nikamwambia la, ni mtamu. Akatafuna, akacheka. Maskini, akasema huu mzuri, nipe mwingine."

Mbwana aliinuka, akajipangusa vumbi. Mtoto aliyekuwa akidungwa sindano alikuwa akiogopa uchungu wa kinywani. Sindano ina maumivu yake, lakini haina ladha.

*

Maabara ya utafiti ilikuwa Changamwe, chumba kirefu nyuma ya bohari, mahali ambapo harufu ya mafuta huingia mpaka kwenye chai. Mwenye maabara alikuwa Milcah, mwanamke mwenye miwani mizito, daktari wa mimea na si wa wagonjwa. Kazi yake ilikuwa kufuga seli za saratani ya damu ndani ya chupa zenye joto, akazitilia maji ya mmea huu na mmea ule, kisha akaangalia ni upi unaoziua.

Mbwana alimpa karatasi ya mkemia. Konstebo Nduku, msaidizi wake, alisimama karibu na mlango asije akagusa kitu. Milcah alisoma, akarudia kusoma, akavua miwani.

"Mtoto alikuwa anadungwa sindano," alisema. "Sindano ile ni dawa moja, imechujwa mpaka imebaki peke yake. Lakini humu tumboni iko dawa hiyo pamoja na ndugu zake wote, ukoo mzima. Ukoo mzima hauwezi kutoka kwenye sindano, Inspekta. Umetoka kwenye mmea wenyewe, umechemshwa."

"Mmea gani?"

Milcah alifungua dirisha, akanyoosha kidole. Pale chini, kwenye mchanga, vilikuwa vimeota vijimea vya maua ya rangi ya waridi, petali tano na kijicho chekundu katikati.

"Hili?" Mbwana alishangaa. Lilikuwa ua ambalo watu hata hawajisumbui kulipa jina. Kwao Bofu lilijiotea lenyewe, na kaburi la mama yake lilikuwa limezungukwa nalo.

"Hilo hilo. Sindano ya hospitali chanzo chake ni hilo. Wanachuja magunia na magunia ya majani wapate dawa ya kujaza kijiko. Ikipimwa vizuri inaua seli za saratani. Ikizidi, haichagui. Inashika mishipa ya fahamu. Taya linauma, miguu inalegea, tumbo linafunga. Halafu inamaliza chembe nyeupe za damu, mtoto anabaki hana kinga. Homa ndogo tu inamchukua."

"Taya," alisema Mbwana.

"Taya mara nyingi ndilo linaanza."

Mbwana na Nduku walitazamana. Basi Charo alikuwa ameletewa mtoto aliyekwisha kunyweshwa sumu, tena zamani.

"Na hiyo sindano, ilikuwa ikimfaa?" aliuliza Mbwana.

"Niliongea na daktari wake mtoto alipofariki. Alisema damu ya yule mtoto ilikuwa imeshaanza kuwa safi. Sindano zilikuwa zinafanya kazi. Watoto wa ugonjwa wake, wakifika pale, wengi wanapona." Alivaa miwani, akavua tena. "Angekuwa shule sasa hivi."

Nduku aligeuka akatazama nje.

Mbwana aliomba kuchungulia kwenye hadubini. Aliona viduara vingi, vyeupe, vimejazana. Vingine vilikuwa vizima, vingine vimekunjamana na kuraruka.

"Zilizoraruka zimetiwa maji ya ua," alisema Milcah. "Zilikuwa nzima jana."

"Wangapi wamechungulia hapa, wasiokuwa watu wa kazi?"

"Mzazi mmoja tu." Sauti ilimpungua. "Baba yake Nadhira. Alisikia habari zangu hospitali, akaja na mfuko wa haluwa. Nilimwonyesha apate moyo. Alitazama mpaka nikadhani amelala pale, kisha nikaona analia. Aliibusu hadubini yangu, Inspekta."

"Ukamwambia ni mmea gani."

"Nilimwambia. Na nilimwambia chupa si mtoto, asije akajaribu nyumbani. Akasema, 'La, la, mwanangu yuko mikononi mwa daktari.'" Milcah alikaa kwenye kigoda. "Sikufanya vibaya kumwonyesha, ama nilifanya?"

Mbwana alimshukuru, wakatoka.

Garini Nduku alisema, "Shangazi, afande. Baba alirudi nyumbani akasimulia, kila mtu akasikia. Shangazi ndiye alimpeleka mtoto kwa mganga kwa siri. Mwenye kufanya siri moja hashindwi na ya pili."

"Huenda."

"Wewe unaona nani?"

"Mimi naona njaa, Nduku, na naona tuna siku moja. Endesha twende Kisauni."

*

Nyumba ya Hamdun ilikuwa pana, ya baraza na uani, na ndani yake palikuwa kimya kama msikiti uliokwisha swaliwa. Sheikha, mama yake Nadhira, aliwakaribisha akiwa na ungo wa mchele mikononi. Aliketi akaendelea kuchagua. Mchele ulikuwa mweupe pe, hauna hata kijiwe, na yeye akazidi kuuchagua.

"Hamdun yuko dukani, yuaja kula," alisema. "Mumekuja kutuambia ya kesho?"

"Tumekuja kuuliza mawili matatu, dada, kisha tukuache. Shangazi yake Nadhira alikuwa akimpa mtoto chakula?"

"Kha! Yule? Yule hajui hata kukoroga uji. Siku ile alimchukua mimi niko hospitali kutafuta vidonge. Lau si siku ile, hakuna kilichoingia kinywani mwa mwanangu ila kwa mkono wangu. Nililala naye, nikaamka naye."

"Mkono wako ulimpa nini na nini?"

"Uji, supu ya kuku, maji ya dafu. Vidonge vya hospitali. Daktari aliniambia, mama, asinywe mti wowote wa shamba, utagombana na sindano. Nikaapa mbele yake, nikishika msahafu, kwamba mti hautaingia nyumba hii. Na haukuingia, wallahi." Mikono yake ilisimama kidogo juu ya mchele. "Basi ni hivyo. Na kombe."

"Kombe kila siku?"

"Kila alfajiri. Mwalimu Aidarus alituandikia sahani, aya za shifaa, kwa zafarani. Daktari nilimuuliza, akasema hilo halina neno."

Nduku, mtu wa Machakos, alimtazama Mbwana kwa kutojua, naye Mbwana akamfahamisha kwa maneno machache. Huandikwa aya kwenye sahani kwa wino wa zafarani, sahani ikaoshwa kwa marashi na maji, na maji yale akanywa mgonjwa. Yeye mwenyewe alikunywa mangapi utotoni kule Bofu, ya homa, ya mtihani, ya kuogopa giza. Ladha yake aliijua vizuri.

"Alilipenda?" alimwuliza Sheikha.

"Mwanzo? Lo! Alikuwa akilamba sahani, mpaka babake amcheka. Mwisho mwisho akawa halitaki. Alia, ati chungu. Nikamwambia, mamangu, chungu kiko kinywani mwako, ni maradhi hayo. Maneno ya Mungu hayawi machungu."

Mbwana aliweka kalamu chini. Kombe lina harufu ya waridi na ladha ya zafarani. Mtoto mwenye homa hulinywa akaomba jingine. Tangu azaliwe hakupata kusikia mtu akililia uchungu wa kombe.

"Naomba nione hizo sahani, na chombo cha marashi."

Sheikha aliondoka akarudi navyo. Mbwana alidondosha marashi kiganjani akaonja. Yalikuwa marashi tu, mazuri, ya mtu ajuaye kazi yake. Sahani moja ilikuwa bado ina maandishi. Alilowesha kidole akagusa pembeni ya mstari, akaonja. Zafarani. Mwalimu Aidarus hakuwa na kosa.

"Sahani alikuwa akiosha nani?"

"Hamdun. Alikuwa akiamka kabla ya adhana, akiswali rakaa zake, akiosha kombe kule kwenye chumba chake cha kazi huku akisoma, kisha akiniletea kikombe. Mume mwingine angelala." Alisema hivyo kwa fahari, na Mbwana akatamani angekuwa amekosea njia akaingia nyumba nyingine.

"Afande!" Nduku alikuwa ameshatoka uani. "Njoo uone."

Uani, kuzunguka birika la maji, yalikuwa yameota yale maua ya rangi ya waridi, mengi, yamesongamana. Lakini upande mmoja, ule wa karibu na chumba cha kazi, palibaki vijiti vifupi vilivyoanza kuchipua upya.

"Mbuzi, labda," alisema Mbwana, kwa kuwa alitaka wawe mbuzi.

"Mimi nimechunga mbuzi, afande. Hii hawagusi. Na mbuzi hawakati mshazari namna hii." Nduku aliinama, akaonyesha ncha za vijiti. "Ni kisu. Kikali."

Mlango wa chumba cha kazi ulikuwa wazi. Ndani kulikuwa na makopo ya ubani na udi, chupa za atari, yale mafuta ya manukato, zimepangwa kwa urefu wake, na mizani ndogo ya shaba yenye vijiwe vyake. Chini ya meza Mbwana aliona jiko la mafuta ya taa na sufuria yenye ukoko wa kijani. Kando yake palikuwa na kitambaa cha kuchujia kilichokauka kikawa kigumu. Alikwangua ukoko kwa ukucha, akaugusisha ncha ya ulimi, akatema mara moja. Ulikuwa mchungu wa kuvuta uso.

"Karibuni," ilisema sauti mlangoni. "Kumbe mumenitangulia kwangu."

*

Hamdun alikuwa mrefu, kanzu yake nyeupe haina kunjo, na alinukia udi kabla hajafika. Aliwapa mkono wote wawili kwa heshima. Alikuwa amekonda, shingo imepwaya kwenye kola.

"Kesho yasomwa, Inspekta?"

"Kesho yasomwa, bwana Hamdun. Ila sijui itasomwa kwa jina la nani." Mbwana aliionyesha sufuria. "Hii yapikiwa nini?"

Alitarajia auone uso ukibadilika, kama alivyozoea kuziona nyuso zikibadilika. Wa Hamdun haukubadilika.

"Hiyo ndiyo ya dawa ya Nadhira," alisema.

"Dawa gani?"

"Ya ua. Lile la hapo nje. Sheikha hajui, naomba usimwambie, aliapa mbele ya daktari na mimi sikutaka kumvunjia kiapo chake. Nilikuwa nikitia katika kombe. Nilisema, dawa na dua ziingie pamoja." Alisogea karibu, akashusha sauti kama mtu anayemwuzia mteja wake kitu cha siri. "Inspekta, mimi niliziona. Kule Changamwe, kwa macho haya. Zile seli zapasuka, moja baada ya moja, kwa maji ya ua lililokuwa likiota nyumbani kwangu! Ningelala vipi, mwanangu yuaumwa na dawa iko hapo birikani? Na sikukoroga ovyo. Mimi ni mtu wa mizani, udi wa tola moja naupima mara tatu. Nilianza kidogo. Wakampima damu, daktari akastaajabu, imekuwa nzuri. Nikaongeza. Ikawa nzuri zaidi. Nilikuwa nimeshamponya, Inspekta. Kisha yule mzee wa Mjambere akaja akaniharibia."

Mbwana alikuwa amewahoji wezi, wauaji na waongo wa kila namna. Walikiri kwa kulia, walikiri kwa kujisifu, walikiri kwa kuchoka. Huyu alikuwa mtu wa kwanza kukiri na huku hajui kama anakiri. Na kazi ilikuwa bado haijaisha.

"Keti, bwana Hamdun."

"Niko sawa."

"Nadhira alianza kuumwa taya lini? Kabla ya kupelekwa kwa Charo, au baada?"

"Kabla. Zamani."

"Na miguu?"

"Kabla."

"Na tumbo kufunga?"

"Kabla," alisema.

"Na kombe, uliosha la kwanza la dawa kabla ya taya kuuma, au baada?"

Hapo mtu wa mizani akaanza kupima. Mbwana alimwona anavyopima, macho yamemtoka yakatazama ukuta, midomo yaenda bila sauti.

"Kabla," alisema.

"Taya lilipoanza kumuuma, ulifanyaje?"

Nje kuku alikuwa akitafuta chakula kwenye mchanga. Hamdun aliushika ukingo wa meza.

"Niliongeza," alisema. "Nilisema ni maradhi yapigana, yataka kutoka. Nikaongeza."

"Na miguu ilipolegea?"

"Usiniulize."

"Sina budi, bwana Hamdun. Kuna mzee kesho atasomewa."

"Niliongeza."

Mbwana alimweleza yote, polepole, kwa maneno ya kawaida. Alimweleza habari ya vibuyu vya Charo na jinsi vilivyokutwa safi, kisha ukoo mzima wa dawa uliokutwa tumboni, ambao hautoki katika sindano. Akamweleza habari ya mishipa, taya, miguu na tumbo, na chembe nyeupe zilizokwisha. Hamdun alisikiliza amesimama. Kisha akakaa chini kati ya makopo yake, na kanzu ikaingia kwenye majivu ya ubani.

"Mashekhe walinikataza asipasuliwe," alisema. "Wakaniambia mpeleke mwanao kwa Mola wake mzima. Nikawaambia la. Pasueni, niione sumu ya yule kafiri. Niliwashikia karatasi mimi, nikatia saini. Ya Rabbi. Ya Rabbi, nilikuwa nikijitafuta mwenyewe."

Nduku aliufunika uso kwa mkono. Mbwana alimwambia kwa upole, "Nenda nyumba ya pili, kuna simu. Mwambie mkuu wa kituo shitaka lisimame, mwenye kitendo amepatikana, na mimi nitajibu. Mzee Charo atoke leo hii, apewe maji ya kuoga. Usikate simu mpaka uambiwe ametoka."

Nduku aliondoka akikimbia. Mbwana alitoa karatasi ya maelezo, akaiweka juu ya meza kando ya mizani. Sheria ilitaka aandike. Sheria haikueleza aandike kwa mkono gani.

"Nina swali moja," alisema Hamdun. "Nijibu, kisha nipeleke unakotaka. Lau nisingaligusa kitu. Lau ningalilala kama waume wengine. Angalipona?"

Mbwana alijua jibu. Alikuwa amelipata Changamwe, na njia nzima alikuwa akilibeba. Kwa miaka yote ya kazi hakupata kumdanganya shahidi wala mshitakiwa.

"Mungu ndiye ajuaye," alisema.

"Sikukuuliza ajuayo Mungu. Nimekuuliza uyajuayo wewe."

"Bwana Hamdun..."

"Angalipona," alisema Sheikha.

Alikuwa mlangoni, ungo wa mchele bado mikononi. Hakuna aliyemsikia akija, wala hakuna aliyejua alisimama pale tangu neno gani. Uso wake ulionyesha kwamba aliyoyasikia yalikuwa ya kutosha.

"Daktari aliniambia," aliendelea. "Aliniambia, mama, sindano zimemkubali, mtoto wako ataishi. Nikaja nikakwambia, Hamdun, ukalia, ukasujudu hapo uani. Mimi nikadhani wamshukuru Mungu kwa sindano."

Hamdun alimnyooshea mikono kutoka chini. Sheikha hakuikaribia mikono ile, wala hakurudi nyuma. Alimtazama Mbwana.

"Unaandika?"

"Lazima niandike, dada."

"Basi niandike na mimi."

"Wewe huna kosa. Hukujua."

"Naye hakujua. Yeye alitia, mimi nikanywesha. Siku za mwisho hakuwa akikubali kabisa. Aning'ang'ania, aniambia mama chungu, mama nihurumie. Nilikuwa nikimshika mikono yote miwili nyuma, nikimbana kifuani, mpaka akimeza. Kila alfajiri. Nikimwambia, kunywa mamangu, ndiyo uzima." Sauti haikumpanda. "Andika hivyo. Andika nilimshika."

Hamdun aliinama mpaka paji la uso likagusa sakafu, akaanza kulia kwa sauti, kilio cha mwanamume asiyepata kufundishwa kulia. Mchele ulianza kumwagika kutoka kwenye ungo, Sheikha asiwe na habari.

Mbwana alichukua kalamu. Aliandika jina la Hamdun, na jina la baba yake, na mahali, na tarehe, na maneno aliyoyasema, mstari baada ya mstari. La Sheikha hakuliandika. Mwanamke yule alisimama pale mezani akingoja, akimwonyesha kwa kidole mahali palipobaki wazi chini ya karatasi, na Mbwana akaikunja karatasi akaitia mfukoni, wino bado haujakauka.